Siku Mgambo Tulipoomba Tuangaliwe

Wanangu mliovaa magwanda mwaka huu, siku ya kufunga mafunzo yenu mlinialika nije nile pilau, nikaja, nikala. Katikati ya pilau binti mmoja wa Chemba akanisogelea na sahani yake, akanipa shikamoo, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa kama ni kweli kwamba mimi ndiye niliyewaletea ile kamati ya wananchi. Wenzake wote wakainamisha macho kwenye sahani. Nikajua swali si lake peke yake, ametumwa. Nikamwambia pilau ikipoa haina ladha, tule kwanza, jibu nitaliandika.

Basi jibu ndilo hili. Kamati sikuileta mimi, ila siku ilipoletwa nilikuwepo, na nilisema neno. Nitawaeleza ilivyokuwa. Mji wenyewe siutaji, maana watu wake wengi wako hai na wanapenda amani. Ni mji wa uwanda huu huu wetu, wa vumbi na zabibu, na mbuzi waliozoea lami. Mimi kwetu ni Kondoa milimani, lakini utumishi wangu wote nimeumalizia kule, na sasa niko Nzuguni nafuga kuku ambao hawanisikilizi hata nikipiga filimbi.

Nilipoanza, mgambo wa halmashauri ulikuwa na vitu vitatu: kirungu, filimbi na miguu. Simu za kurekodi watu hazikuwepo mikononi mwa kila mtu kama sasa, na risiti ziliandikwa kwa kalamu. Kazi ilikuwa hii hii mnayoifanya. Unaondoa meza barabarani, unafukuza mbuzi kwenye maua ya halmashauri, unamzuia mtu asimwage maji ya vyombo mbele ya zahanati. Tofauti ni kwamba sisi tulikimbia sana. Tuliamini askari asiyekimbia hafanyi kazi.

Wiki yangu ya kwanza nilimkimbiza kijana wa mayai ya kuchemsha. Ana trei kichwani, na kikopo cha kachumbari mkononi, na bado ananiacha. Nikakata kona kwa mbwembwe, nikatumbukia kwenye mtaro. Kijana akasikia kishindo, akageuka. Akaiweka trei yake chini vizuri, akarudi, akanishika mkono akanitoa, akanipangusa vumbi mabegani, akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia sijaumia. Akachukua trei yake akaanza kukimbia tena. Nilibaki pale nacheka peke yangu kama mwehu, na mpaka leo sijui nilikuwa namkimbiza wa nini.

Aliyenifundisha kuacha mbio ni Sajini Ndahani. Huyu alikuwa Mgogo wa upande wa Kongwa, mrefu kama nguzo ya simu, na sauti yake ndogo kiasi kwamba gwaride zima lilikuwa linanyamaza ili limsikie. Alisema askari anayepiga kelele anawafundisha watu kutomsikiliza. Alitufundisha kuanza na salamu. Ukimkuta mama ameweka beseni lake mahali pasiporuhusiwa, kama kakuzidi umri unampa shikamoo yake kwanza, na kama ni Mgogo unamwambia mbukwa, unasubiri ajibu, ndipo unasema lililokuleta. Tulimwona mzee anatuchelewesha. Lakini jaribuni wenyewe muone. Mtu aliyekwisha kukuitikia "marahaba, mwanangu" anapata shida sana kukutukana dakika inayofuata. Inabidi aanze upya.

Alitufundisha na mengine. Usimsogelee mtu wa chipsi kwa upande wa karai, hata kama una haraka. Meza ya nyanya inabebwa na watu wawili, na mmoja wao awe mwenyewe mwenye nyanya. Wakati wa upepo wa kiangazi simama upande vumbi linakotoka, maana ukisimama upande wa pili utafunga macho na ukiyafungua barabara nzima imehama. Mbuzi ukimkamata yule anayeongoza, wengine watakufuata mpaka yadi yetu ya mgambo. Nikamuuliza kama na kwa watu ni hivyo hivyo. Akanicheka. Akasema ukimkamata anayeongoza watu, wengine watakufuata kweli, lakini hutapenda.

Anayeongoza watu, kwa mji wetu, alikuwa Sechelela.

Sechelela alikuwa mwanamke wa rika langu, mnene, mcheshi, mwenye mkokoteni wa rangi ya buluu. Msimu wa zabibu anauza zabibu, msimu ukiisha anauza karanga. Mahali alipopapenda ni mdomoni kabisa mwa stendi, pale basi linapotoka, kwa sababu abiria ananunua akiwa dirishani. Na pale ndipo pasiporuhusiwa kabisa. Kila asubuhi nilimkuta. Nasema, "Sechelela, mbukwa." Anaitika, "Mbukwa, afande. Nahama." Anausogeza mkokoteni kidogo, kama mtu anayempisha kuku. Nazunguka stendi, nikirudi yuko pale pale. Tuliishi hivyo miaka mingi. Siku nikiwa likizo alikuwa anawauliza wenzangu kama naumwa.

Sasa, kabla sijafika kwenye baraza, lazima niwaambie habari ya vitenge, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nilisema nilichosema.

Wakati mmoja tulipofanya operesheni ya kusafisha njia ya sokoni, bunda la vitenge lilichukuliwa kwenye meza ya mfanyabiashara mmoja, na mimi ndiye niliyelibeba kulipeleka stoo. Mwenyewe alipokuja kulikomboa, halikuwepo. Ukweli ulikuja kujulikana baadaye: shemeji yake alikuwa ameshakuja, amelipa faini, amelichukua na kulipeleka nyumbani kwa mke mdogo. Ilikuwa vurugu ya familia yao. Lakini kabla ukweli haujatoka, mji mzima ulikuwa umeshaambiwa kwamba afande Mwanaidi amekula vitenge. Na ukweli ulipotoka, ulitoka nyumbani kwao tu, haukufika sokoni. Nikipita, watu wanauliza kwa sauti leo nimevaa ya rangi gani. Watoto waliniita Mama Vitenge. Mwanangu alirudi shule analia.

Nilikwenda kwa mkuu wangu wa idara, akasema nivumilie yatapita. Nikaenda polisi, wakaniuliza nani amenishtaki, nikasema hakuna, wakasema basi hakuna kesi. Walikuwa sahihi, kesi haikuwepo. Nilichokuwa nakitafuta mimi ni mahali pa kushtakiwa ili nisikilizwe, na mahali hapo mji wetu haukuwa napo. Nikavumilia. Sauti zilipungua, lakini jina lilibaki.

Miaka ikapita, tukafika siku ya zabibu.

Ilikuwa siku ya gulio, msimu umekolea, mji umejaa. Tuliagizwa kufungua mdomo wa stendi kwa sababu mabasi yalikuwa yamekwama. Mwenzetu Kibwana, askari mpole tu, hana neno na mtu, aliushika mkokoteni wa Sechelela ili ausogeze mwenyewe, maana Sechelela alikuwa anahudumia wateja na "nahama" yake ilikuwa haiishi. Mkokoteni hauna breki, nanyi mnajua. Pale pana mteremko kuelekea kwenye mfereji. Ulimponyoka, ukashuka, ukagonga ukingo, ukapinduka. Zabibu zote zikamwagika, na kabla mtu hajasema lolote mbuzi walikuwa wameshafika. Sijui mbuzi wa mji ule hupashana vipi habari.

Watu walicheka kwanza. Kusema kweli na mimi nilikaribia. Simu zikatolewa, kila mtu anarekodi mbuzi wanavyokula zabibu, na Kibwana katikati yao anawafukuza kwa kofia yake. Lakini Sechelela hakucheka na hakulia. Alikwenda akakaa juu ya mkokoteni uliopinduka, akaikunja mikono, na basi la kwanza likashindwa kupita. Tukamsihi. Mkuu wa stendi akaja, akamwambia atafikiriwa kulipwa hasara yake. Sechelela akasema, "Sitaki kufikiriwa. Nataka mnionyeshe mtu wa kumwambia. Kila nikilalamika, mkuu wa mgambo ananiambia niende kwa ofisa masoko, ofisa masoko ananiambia ni suala la mgambo. Mimi nikamwambie nani?"

Niliposikia hivyo nilihisi kama mtu ameniita jina langu. Nilimsaidia kuinuka, tukaunyanyua mkokoteni pamoja na Kibwana, mabasi yakapita. Lakini lile swali nilikwenda nalo nyumbani.

Halikuishia kwangu. Diwani Yohana, mwalimu mstaafu aliyekuwa anaiwakilisha kata ya stendi, alikuwepo pale akisubiri basi. Baada ya muda si mrefu tukasikia amepeleka hoja kwenye baraza la madiwani. Aliomba iundwe kamati ya wananchi ya kuangalia kazi ya mgambo. Kamati hiyo iwe na wafanyabiashara, viongozi wa dini na wakazi wa kawaida. Ipokee malalamiko, iingie stoo kuona vitu vilivyokamatwa, iwe inafuatana na askari wakienda kwenye operesheni, na ilete taarifa barazani.

Pale yadi kwetu ilikuwa kama tumewekewa moto chini ya viti. Watu tunaowaondoa barabarani ndio waje kutukagua? Mmoja akasema atarudi kulima kwao Kongwa. Mwingine akasema siku Sechelela akiingia stoo na kuanza kumhoji, yeye atavua gwanda na kumkabidhi alivae. Kibwana ndiye aliyekuwa amekonda zaidi, maana jina lake lilikuwa mdomoni mwa kila mtu na picha yake na mbuzi ilikuwa kwenye simu za mji mzima. Sajini Ndahani alisikiliza yote, kisha kwa ile sauti yake ndogo akatuambia siku ya baraza wote wasio zamu waje, viatu ving'ae, tukae nyuma kimya, na atakayeguna atakuwa zamu ya choo cha soko.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wafanyabiashara upande mmoja, sisi upande mwingine, viatu vinameremeta. Diwani Yohana akaitoa hoja yake kama anavyofundisha darasa la nne, taratibu, anarudia pale penye ugumu. Akakaa. Akasimama diwani wa kata ya sokoni, mtu mkubwa wa mwili na wa utani, ambaye sisi mgambo tulikuwa tunampenda kwa sababu alitutetea kila mara. Akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, hoja hii ni sawa na kuwaundia mbuzi kamati ya kumchunguza mchungaji."

Ukumbi ukaangua kicheko. Sisi tukakumbuka zamu ya choo, tukacheka kwa ndani. Diwani Yohana akasubiri kelele ziishe, akaomba nafasi. Akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, mbuzi hawapigi kura. Mheshimiwa mwenzangu akumbuke waliomleta humu ndani."

Hapo kicheko kilikuwa kikubwa zaidi, na kilitoka upande wa wafanyabiashara. Mheshimiwa wa sokoni alipangusa jasho, akafuta kauli, akaketi. Lakini si kwamba hoja ilikuwa imeshinda. Alisimama diwani wa viti maalumu, bibi mmoja mwenye miwani minene, mtaratibu sana, akauliza swali gumu. Aliuliza, mtu akitaka kukwepa faini akaenda kwenye kamati akamsingizia askari, huyo askari atalindwa na nani? Wenzangu wakaitikia kwa vichwa kwa nguvu. Mwanasheria wa halmashauri akaeleza kwamba kamati ya namna ile itashauri tu, kuadhibu kutabaki kwa mwajiri kama sheria inavyosema. Wengine wakasema sasa kama ni ya kushauri tu ina faida gani. Wengine wakasema hata ikishauri itawatia askari woga, mji utageuka gulio la kila siku. Wakaenda wakarudi, wakaenda wakarudi, chai ikapoa.

Mwishowe mwenyekiti akasema wamewasikia madiwani vya kutosha, sasa kwa idhini ya baraza angependa kumsikia mfanyabiashara mmoja na askari mmoja, kwa ufupi. Upande wa wafanyabiashara hakukuwa na ubishi. Sechelela alisimama, amevaa kitenge kipya na kilemba kama anayekwenda harusini. Aliniduwaza. Hakumsema Kibwana hata kidogo. Alieleza kwamba yule kijana ni mstaarabu na mkokoteni wake ni mbovu tangu zamani. Shida yake ilikuwa ile ile aliyoisema stendi: alizunguka milango na kila mlango ukamwonyesha mwingine. Akashukuru, akaketi.

Mwenyekiti akamwita Sajini Ndahani. Mzee akasimama kwa urefu wake wote, akapiga saluti, na akasema maneno machache tu: "Mheshimiwa, kwa upande wetu atasema Koplo Mwanaidi."

Wanangu, nilikuwa sijaambiwa. Nilikuwa nimekaa karibu na ukuta, nawaza mambo ya nyumbani. Nilisimama kwa sababu mguu ulisimama wenyewe. Nikatazama mbele nikamwona yule bibi wa miwani ananiangalia, anasubiri, na nikaona kwamba lile swali lake ninalo jibu lake, kwa sababu nimelibeba miaka yote.

Niliwaeleza habari ya vitenge, kuanzia bunda hadi shemeji mpaka mke mdogo. Watu wakaanza kucheka, hasa pale pa mke mdogo, na mimi nikawaacha wacheke. Kisha nikasema, "Mheshimiwa aliuliza askari akisingiziwa atalindwa na nani. Mimi nilisingiziwa, na kamati haikuwepo. Nilitembea kwenye mji huu naitwa mwizi, na sikuwa na mlango wa kugonga niseme si mimi. Mama Sechelela anasema hakuwa na mtu wa kumwambia. Na mimi sikuwa naye. Kama mnaiunda hiyo kamati, naomba msiiunde kwa ajili yake peke yake. Iundeni na kwa ajili yangu."

Nikaketi. Sikuthubutu kugeuka kuwatazama wenzangu. Upande wa pili wa ukumbi nilisikia sauti ya mwanaume ikisema, polepole lakini kila mtu akasikia, kwamba lile bunda lilikuwa lake na kwamba lilipatikana zamani. Alikuwa mwenyewe mwenye vitenge. Alisimama, akatoa kofia. Akasema alikuwa anaona aibu ya mambo ya nyumbani kwake, ndiyo maana alinyamaza, na sasa anasema mbele ya baraza: yule askari hakula kitu chake. Akaketi haraka kama aliyemwagiwa maji.

Siwezi kuwaeleza nilivyojisikia. Niliinamisha uso nikajifanya nakaza kamba za kiatu, na kiatu changu hakikuwa na kamba.

Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono. Yule bibi wa miwani alikuwa wa kwanza. Mheshimiwa wa sokoni alikuwa wa mwisho. Alitazama huku na huku, akaona mikono ilivyo mingi, akanyoosha na wa kwake, na kwa sababu ni mtu wa utani akasema hawezi kubaki peke yake zizini. Hoja ikapita, kwa majaribio ya mwaka mmoja.

Nilipotoka nje nilimkuta Sajini Ndahani chini ya ukuta anavaa kofia yake. Nikamuuliza kwa nini alinifanyia vile bila kunitahadharisha. Akasema, "Mimi ningesema ya kazi. Wewe nilijua utasema ya kwako. Na ningekuambia mapema, usingelala, ungekuja na hotuba."

Msidhani niliporudi yadi nilipigiwa makofi. Wenzangu walikuwa wamenuna. Kibwana hasa hakunisemesha, na siku aliponisemesha aliuliza swali moja tu, kama nimewauza. Nikamwambia asubiri aone. Nilisema hivyo kwa ujasiri, lakini moyoni sikuwa na hakika yoyote. Kamati ingeweza kuwa mahali pa kutusulubu, na mimi ndiye niliyeiomba.

Sasa sikilizeni nani alikuwa wa kwanza kupeleka shauri. Ni Kibwana. Mama lishe mmoja alimmwagia maji ya vyombo kifuani wakati anamwomba asogeze jiko, na wateja wakashangilia. Zamani angerudi yadi akafua gwanda lake na yakaisha hapo. Safari hii alikwenda, amejikaza, gwanda bado lina harufu ya dagaa. Alikaa huko muda mrefu tukaanza kuingiwa na wasiwasi. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyetoka harusini.

"Walinipa kiti," akasema. "Walinipa kiti, wakanisikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyenikatiza."

Mama lishe aliitwa, akaomba radhi, akaeleza na yake: jiko lilikuwa pale kwa sababu upande mwingine upepo unazima moto. Kamati ikaenda kuangalia, ikakuta ni kweli, ikaiomba halmashauri iweke ukuta mfupi. Ukuta ukawekwa, jiko likahama. Tangu hapo Kibwana alikula pale bila foleni. Na yule aliyesema atarudi kulima Kongwa hakuenda, alipeleka shauri la viatu vyetu vilivyotoboka, na viatu vikaja.

Sechelela naye akachaguliwa mjumbe. Wafanyabiashara walimpigia kura karibu wote, wakijua sasa wamepata mtu wao. Sehemu ya kazi yake ilikuwa kufuatana nasi asubuhi na kuandika anachokiona. Siku ya kwanza alikuja amevaa raba, kimya, anatuangalia tunavyosalimia, tunavyobeba meza. Siku zilizofuata akaanza kutusaidia kubeba. Halafu akaanza kusema. Na alipoanza kusema, wanangu, hakuna sajini duniani angemfikia. Alijua hila zote, kwa sababu zote alikuwa amezitumia yeye. Mtu akimwambia "nahama", Sechelela anakunja mikono anasimama palepale mpaka ahame kweli. Alikuwa anawaambia gari la wagonjwa haliwezi kupaa. Sajini Ndahani alikuwa ananinong'oneza tumwombe apunguze sauti, watu watadhani ni sisi.

Ikafika siku akamkuta dada mmoja anayeuza viatu vya mitumba, mgeni mjini, meza yake imeingia barabarani nusu nzima. Dada akasema ana miguu inauma, atahama akipumzika. Sechelela akamwambia, "Meza yako ina miguu minne, wewe una miwili. Nionyeshe ipi imechoka." Watu wakacheka sana. Yule dada hakucheka. Kesho yake akaenda kwenye kamati kumlalamikia mjumbe wa kamati.

Sijawahi kuona ukumbi umejaa vile kwa shauri dogo kama lile. Sechelela aliinuka kwenye kiti chake cha mjumbe, akazunguka meza, akaketi kwenye kiti cha anayelalamikiwa. Alikuwa amejitanda khanga mpaka kidevuni. Dada wa viatu akaeleza, na alieleza vizuri, kwamba ana mguu wenye kidonda kweli, akaonyesha bandeji, na kwamba alichekwa mbele za watu. Mwenyekiti wa kamati, shehe mmoja mpole, akauliza kama kuna aliyekuwepo siku ile. Nikanyoosha mkono.

Nilisema nilichokiona. Kwamba meza ilikuwa barabarani kweli, na maneno yale yalisemwa kweli, na kwamba Sechelela hakuiona bandeji kwa sababu ilikuwa ndani ya gauni. Kwamba namfahamu tangu zamani, ana mdomo, lakini sijawahi kumwona akimcheka mgonjwa. Shehe akamuuliza Sechelela ana la kusema. Akaanza kujitetea, akamtazama dada, akaacha katikati. Akavuta kiti chake karibu, akaomba radhi, na akamuuliza kidonda kinatibiwa wapi. Wakaanza kuzungumza habari za kidonda wao kwa wao, na shehe akabaki anatutazama sisi wengine, hajui afunge kikao au vipi. Mwishowe alikifunga kwa dua.

Tulipotoka Sechelela alinishika mkono. Hakuwa anacheka. Akasema, "Mwanaidi, kile kiti kina joto." Nikamwambia nakijua. Tukaendelea kutembea, na mbele kidogo akaanza kucheka kidogo kidogo, na mimi nikashindwa kujizuia, na mpaka tunafika sokoni tulikuwa tunashikana ili tusianguke, mimi na gwanda langu na yeye na khanga yake, na watu wanatupisha njia.

Asubuhi iliyofuata tulipita kwenye doria kama kawaida. Meza ya viatu ilikuwa imesogezwa nyuma ya mfereji, imenyooka kama imepimwa kwa kamba. Mbele yake yule dada alikuwa ameweka benchi dogo, na bandeji yake ilikuwa mpya. Sechelela akampa pole ya kidonda, akauliza kama benchi ni la wateja kujaribia viatu.

"La wateja baadaye," akasema yule dada. "Sasa hivi kaeni ninyi kwanza, mmetembea tangu asubuhi."

Tukakaa wote, mgambo na mjumbe, tukaangalia mabasi yanatoka stendi moja baada ya jingine.